Jirani alipoanza kujenga: miezi 11 ya vumbi, kelele na ufa mmoja

Nyundo ya kwanza ilisikika saa 12 na dakika 10 asubuhi, siku ya Jumapili. Nilikuwa nimetoka zamu ya jioni, nimelala saa 8 usiku, na kwa usingizi ule nilidhani kuna watu wanavunja mlango wetu. Mama, ambaye chumba chake kiko upande wa ukuta wa jirani, alikuja mlangoni kwangu ameshika tochi. Tukatoka nje wote wawili. Juu ya paa la nyumba ya pili walikuwapo vijana wanne, wanapasua mabamba ya zamani ya kijivu na kuyatupa chini vipande vipande.

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba nyumba ile ingebomolewa. Familia iliyoishi pale ilihama miezi mitatu nyuma, nyumba ikauzwa, na mwenye nyumba mpya hatukuwahi kumwona. Mama akasema labda ni kazi ya siku mbili tatu. Tukarudi ndani, tukafunga madirisha. Ujenzi ule ulichukua miezi 11.

Nayaandika haya kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa nahangaika nilitafuta sana mtu aliyepitia jambo kama hili anieleze pa kuanzia, nisimpate. Mengi niliyoyafanya mwanzoni yalikuwa makosa, na mengine mama yangu ndiye aliyeyalipa kwa afya yake.

Nianze na lile linaloniuma mpaka leo, yale mabamba ya paa. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mabamba ya kijivu yenye mawimbi, kwenye nyumba zilizojengwa miaka ya zamani, mara nyingi yalitengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto. Bamba likiwa zima na limetulia, hatari yake ni ndogo. Likipasuliwa kwa nyundo hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, na mtu akizivuta, madhara yanaweza kujitokeza hata baada ya miongo kadhaa. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka asbesto katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na nchi zaidi ya 50 zimeipiga marufuku. Sijui kama paa lile lilikuwa na asbesto, na sitajua, maana kufikia nilipoanza kuuliza, kifusi chote kilishaondoka na tipa. Ukiona jirani anakaribia kubomoa nyumba ya zamani, uliza habari za paa kabla nyundo haijainuliwa. Mabamba ya namna hiyo hulowanishwa maji, hufunguliwa misumari na kushushwa yakiwa mazima, na watu wenye vifaa vya kazi hiyo ndio huyashughulikia. Siku ya pili ni kuchelewa.

Baada ya paa zikaja kuta, kisha malori ya mchanga na kokoto, kisha mashine ya kuchanganyia zege. Mimi nilinyamaza wiki sita. Nilijiambia kwamba mtu ana haki ya kujenga kwake, na kwamba jirani mwungwana huvumilia. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ile ya pili ilikuwa woga niliouvisha nguo ya uungwana, kwa sababu wakati wote huo hasira ilikuwa inajaa. Nililala vibaya, nikaenda kazini nina kichwa kizito, nikawa mkali kwa mama kwa mambo madogo. Na yule upande wa pili alikuwa anajifunza jambo moja tu kutokana na kimya changu: kwamba pale hakuna tatizo.

Siku moja ya wiki ya sita lori liliziba geti letu, mama ana miadi ya hospitali, dereva hayupo. Nilipanda juu ya rundo la mchanga nikawapigia kelele mafundi wote, maneno ambayo sipendi kuyarudia. Wakanyamaza. Kijana mmoja, saidia fundi, hata miaka 20 sidhani kama alikuwa nayo, aliweka karai chini akanijia taratibu. Nikaona vidole vyake. Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo, pembeni mwa kucha kuna vidonda vyekundu. Saruji mbichi huunguza. Ni alikali kali, yenye pH (kipimo cha asidi na alikali) zaidi ya 12, na yeye alikuwa anaishika kwa mikono mitupu tangu asubuhi mpaka jioni.

"Dada, tusamehe," akasema. "Sisi tunatumwa tu. Hata hilo lori hatukulipangia sisi."

Nikamuuliza nani anayepanga. Akanitajia msimamizi, ambaye huja mara mbili kwa siku, na bosi mwenye nyumba, ambaye anaishi mji mwingine na huja mara chache sana. Hapo nilijifunza kitu ambacho ningekijua wiki sita kabla kingeniepusha na mengi: wale tuliokuwa tunawasikia na kuwaona kila siku hawakuwa na uwezo wa kuamua lolote, na aliyekuwa na uwezo huo hakuwahi kusikia hata mlio mmoja wa grinda. Nilimwomba kijana yule radhi siku iliyofuata, nikampa glavu za mpira. Tangu siku hiyo, kila walipokuwa na kazi kubwa kesho yake, alinidokeza.

Kumpata mwenye nyumba hakukuwa rahisi. Msimamizi alikataa kunipa namba yake. "Niambie mimi, nitamfikishia," alisema, na kila nilichomwambia kiliishia kwake. Nilichofanya mwishowe ni kusoma ubao wa ujenzi uliofungwa kwenye uzio, ambao ulikuwa umegeuzwa uso ndani. Pale pana namba ya kibali, na kwa namba hiyo ofisi ya mamlaka ya ujenzi ilinithibitishia jina la mmiliki na anuani ya kumwandikia. Kama unapoishi kibali hutakiwa kubandikwa hadharani, piga picha ya ubao huo siku ya kwanza. Mimi nilipita mbele yake wiki saba bila kuutazama.

Kabla sijaeleza barua, niseme habari ya vumbi, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Mama yangu ana pumu. Kabla ya ujenzi alikuwa anatumia dawa yake ya kuvuta mara moja moja tu. Mwezi wa pili akawa anaitumia kila siku, na usiku nikawa namsikia akikohoa kikohozi kile kikavu kisicho na mwisho. Nilifikiri ni hali ya hewa. Asubuhi moja nilikwenda kumtandikia kitanda. Nilipounyanyua mto, pale ulipokuwa umelala shuka ilikuwa nyeupe, na kuuzunguka mto shuka ilikuwa ya kijivu. Umbo la mto lilibaki limechorwa pale kama kwa penseli. Shuka ile nilikuwa nimeibadilisha jana yake jioni, na madirisha yalikuwa yamefungwa.

Walikuwa wanakata matofali ya saruji na vigae kwa grinda kavu, chini ya dirisha lake. Vumbi la vitu hivyo lina silika, ambayo ndiyo madini makuu ya mchanga. Chembe kubwa huanguka na unaziona. Zile ndogo, zilizo chini ya maikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, huelea angani kwa saa nyingi, na zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Mafundi wanaozivuta kwa miaka hupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu ambao hauna tiba, na tangu mwaka 1997 vumbi la silika la kazini limewekwa katika kundi lilelile la 1 la visababishi vya saratani. Kwa sisi majirani, wa miezi michache, kipimo si kile cha fundi, lakini kwa mtu mwenye pumu vumbi lolote la namna hiyo ni shambulio. Daktari wa mama alimwongezea dawa na kuniambia nimhamishe chumba siku hiyohiyo. Nilimhamishia chumbani kwangu, mimi nikalala sebuleni miezi saba.

Kitu cha kusikitisha ni jinsi tatizo hili linavyozuilika. Mashine ya kukatia ikiwa na mrija wa maji, au hata mtu akimwagia maji pale blade inapokata, sehemu kubwa ya vumbi hugeuka tope na kuanguka chini. Turubai likifungwa kwenye uzio husaidia pia, na kifusi kikilowanishwa kabla ya kupakiwa, lori haliondoki na wingu. Ndani ya nyumba, usifagie. Fagio hulirudisha vumbi hewani. Futa kwa kitambaa chenye maji. Ziba nafasi chini ya milango kwa taulo lenye unyevu. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana kwa chembe hizi. Ile inayoandikwa N95, iliyotengenezwa kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe, husaidia ikiwa tu inabana uso vizuri. Mama hakuweza kuivaa kwa zaidi ya dakika 10, na mtu mwenye pumu usimlazimishe.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu. Niliorodhesha malalamiko 11, kuanzia nyundo ya Jumapili ile mpaka vijana kuimba, na mwisho nikamtishia wakili. Nilipoituma nilihisi nimepona. Zikapita wiki mbili hakuna jibu. Niliposoma nakala yangu tena nilielewa: hata mimi ningeipokea nisingejua nianze kurekebisha nini, na baada ya neno wakili nisingetaka kuandika chochote.

Ya pili ilikuwa na nusu ukurasa. Mama ndiye aliyenisimamia. "Mwanangu," akaniambia, "mafundi watakwenda zao. Huyu tutakaa naye." Nilijitambulisha, nikamkaribisha kuwa jirani, nikasema najua ujenzi hauendi bila kelele. Kisha nikaomba mambo matatu: kazi za mashine zianze saa 2 asubuhi na Jumapili kuwe na mapumziko, ukataji ufanyike kwa maji na meza ya kukatia ihamishwe, na tuarifiwe siku moja kabla ya malori makubwa na siku ya zege. Nikaambatanisha kurasa nne za daftari langu.

Daftari hilo nilikuwa nimelianza baada ya ile asubuhi ya mto. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa ya kuanza na saa ya kuisha, kazi iliyofanyika, na lililotupata. Kwa mfano: "Jumanne, saa 12:20 asubuhi hadi saa 4:05, grinda chini ya dirisha la mama, kipimo cha simu desibeli 84 hadi 88, mama katumia dawa mara mbili, nimemweleza msimamizi saa 3." Sikuweka matusi wala maoni. Programu za kupimia sauti kwenye simu si kipimo cha mahakamani, na simu mbili zinaweza kutofautiana, lakini zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Kwa kulinganisha, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hupendekeza desibeli 85 ziwe kikomo cha fundi kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaja desibeli 55 nje ya nyumba mchana kuwa ndipo watu huanza kukereka vibaya. Sisi tulikuwa tunapata kiwango cha karakana tukiwa kitandani.

Mwenye nyumba alijibu baada ya siku tatu. Akaja Jumapili, mtu wa makamo, mpole, akatembea uwanjani kwake, akasimama getini kwetu. "Dada, mbona pametulia?" akauliza, na kweli palikuwa pametulia, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa kazini. Niliona anaanza kuamini kwamba mimi ni mtu wa kukuza mambo. Nikamwomba kitu kimoja: aje siku ya kazi, saa 4 asubuhi, akae chumbani kwa mama dakika 10.

Alikuja Alhamisi. Nilimweka kwenye kiti kando ya kitanda, mama akakaa kitandani. Walikuwa wanasalimiana grinda ilipowashwa. Mama aliendelea kuongea, midomo inacheza, nami nilimwona yule bwana akiinama mbele, akiweka mkono nyuma ya sikio, akirudi nyuma. Akatazama dirisha lililofungwa. Akapitisha kidole juu ya stuli, akakitazama. Hakumaliza dakika 10. Alitoka nje, na kupitia dirishani tulimwona anaongea na msimamizi kwa muda mrefu bila kupaza sauti.

Jioni ile meza ya kukatia ilihamishwa. Walikuwa wameiweka chini ya ukuta wetu kwa sababu mti wetu unatupa kivuli pale asubuhi, basi, hakuna sababu nyingine. Ikapelekwa kona ya mbali na kufungiwa turubai la kivuli. Mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, kelele hupungua kwa takriban desibeli 6. Kutoka mita 4 hadi mita 16 kipimo changu kilishuka kwa zaidi ya 10, bila mtu kutumia chochote ila nguvu za kubeba meza. Ndiyo maana nashauri ombi lako liwe ni kitu cha kufanya, tena mahsusi, na siyo tu "punguzeni kelele".

Nami nilijifunza kukubali yasiyobadilika. Siku ya kumwaga zege haina saa ya kufunga. Zege likianza kumwagwa kwenye jamvi, yaani sakafu, au lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halikatizwi katikati, kwa sababu lile la awali likishaanza kukauka, la baadaye haliungani nalo vizuri, na pale pa kuungana panabaki udhaifu. Siku mbili walifanya kazi mpaka saa 3 usiku. Kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kabla, nilimpeleka mama kwa dada yake, na hatukuwa na neno. Kelele ileile, ukiijua tangu jana yake, haikuumizi vilevile.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo tulipatana, lakini mwezi wa tano walichimba mtaro.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwezi wa pili msimamizi alikuwa ameniletea karatasi moja, akasema ni ya kuonyesha tu kwamba majirani wamejulishwa. Nilikuwa nawahi kazini. Niliweka sahihi juu ya ukuta wa geti bila kuisoma, wala sikuomba nakala. Karatasi ile ilisema sina pingamizi na uchimbaji wa msingi kando ya mpaka. Usitie sahihi chochote ukiwa umesimama. Chukua, soma ndani, lala nayo usiku mmoja, kisha piga picha kila ukurasa.

Mtaro ulichimbwa sentimita 60 hivi kutoka ukuta wa chumba cha mama, urefu wote wa ukuta kwa siku moja, na ulishuka chini kuliko msingi wetu. Nilijua kwa sababu nilisimama ukingoni nikayaona mawe ya msingi wetu na chini yake udongo mtupu. Siku tatu baadaye mvua ikanyesha, mtaro ukajaa. Wiki iliyofuata nikaona ufa ukianzia kona ya dirisha la mama, unashuka kwa ngazi, ukifuata maungio ya matofali, mpana juu na mwembamba chini.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa kelele yoyote. Safari hii sikupiga kelele. Nilichukua penseli, nikachora mstari mfupi mwishoni kabisa mwa ufa na kuandika tarehe pembeni. Nikachora mistari miwili midogo inayoukata ufa, kisha nikaweka rula juu yake na kupiga picha kwa karibu. Milimita 1. Baada ya siku nne, milimita 2, na ncha ilikuwa imeshaupita mstari wangu kwa upana wa vidole vitatu. Nikachora mstari mwingine, tarehe nyingine.

Nilimlipa mhandisi wa majengo, mtu asiyehusika na upande wowote, na ilinigharimu karibu nusu ya mshahara wa mwezi. Sijutii. Alinieleza kwamba ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 0.1, si wa kuhangaikia. Mpaka milimita 1 ni wa kuziba na kupaka rangi. Mpaka 5 bado hurekebishika bila balaa. Kuanzia hapo mpaka 15 milango na madirisha huanza kukwama, na zaidi ya hapo jengo lenyewe liko mashakani. Lakini akasisitiza kwamba upana wa leo si muhimu kama mwendo wake, na mistari yangu ya penseli ilikuwa imemwonyesha mwendo. Kisha akanichorea msingi wetu kwenye karatasi, na kutoka ukingo wake wa chini akavuta mstari unaoshuka kwa nyuzi 45. Udongo ulio ndani ya mstari huo ndio unaoibeba nyumba. Anayetaka kuchimba hapo hukata vipande vifupi, kama mita moja moja visivyofuatana, anajenga kimoja ndipo anafungua kingine, na kingo huzuiwa kwa mbao. Sheria ya kuta za mpaka ya Uingereza na Wales ya mwaka 1996 humtaka anayechimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, chini zaidi ya msingi wa jirani huyo, atoe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Sheria hiyo hainihusu huku niliko, ila vipimo vyake vilinifundisha pa kutazama. Ulizia vya kwenu mapema.

Nilikuwa nimeshapiga simu ofisi ya mamlaka mara tatu miezi ya nyuma, nikaambiwa malalamiko yamepokelewa. Safari hii nilipeleka mkononi karatasi moja yenye namba ya kibali, picha ya mtaro ikiwa na futi iliyosimamishwa ndani yake, picha za ufa zenye tarehe, na barua ya mhandisi. Nikaomba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkaguzi alikuja siku ya tisa. Siku tisa ni nyingi unapolala ndani ya nyumba hiyo. Tulilala vyumba vya mbele. Alisimamisha uchimbaji mpaka kingo zizuiwe na mtaro ujazwe kwa vipande.

Msimamizi akatoa ile karatasi yangu. Mkaguzi aliisoma akasema kukubali kuchimbwa hakumwondolei mwenye ujenzi wajibu wa kulinda msingi wa jirani. Nilishusha pumzi. Kisha msimamizi akasema ufa ule ulikuwapo tangu zamani, na hapo nikakosa jibu, maana sikuwa nimepiga picha hata moja ya kuta zetu kabla ya ujenzi. Hata moja. Kama kuna kitu kimoja ambacho ningekushika mkono nikakuomba ukifanye leo, ni hicho: zunguka nyumba yako, ndani na nje, piga picha kila ukuta, kila kona ya dirisha na mlango, sakafu, dari, ukuta wa mpaka, mtaro wa maji, na jirani awepo ikiwezekana. Ni kazi ya saa moja.

Aliyetuokoa ni mdogo wangu. Usiku ule alinitumia picha za mahafali yake za mwaka uliotangulia, tulizopigwa nyuma ya nyumba. Katika moja amesimama na mama mbele ya dirisha lile, na kona ya dirisha inaonekana wazi juu ya bega la mama, haina hata alama. Tarehe ilikuwa ndani ya faili. Nilimtumia mwenye nyumba picha ile bila maneno mengi. Akajibu asubuhi: "Nimeona. Nitagharamia."

Aligharamia kweli, japo tulisubiri. Mhandisi alikataza ufa kuzibwa mapema; ukiziba wakati nyumba bado inatulia, unafunguka tena na kila mmoja anamlaumu fundi lipu. Tulisoma mistari ya penseli kila mwezi. Ufa ulifika milimita 3 na kusimama. Baada ya miezi minne bila mabadiliko uliunganishwa kwa nondo nyembamba kwenye maungio, ukapigwa lipu, chumba chote kikapakwa rangi. Tuliandika makubaliano kwamba ukifunguka tena ndani ya miaka miwili atarudi, na safari hii niliisoma kila sentensi nikiwa nimekaa. Alinirudishia na gharama za mhandisi. Hakunirudishia siku nilizokosa kazi, wala dawa za mama, wala godoro, na sikumdai. Wakili ninayemfahamu aliniambia ningeweza, ila ningehitaji muda na moyo, na vyote viwili vilikuwa vimeniishia.

Kuna jirani mwingine, mzee anayeishi peke yake upande wa pili wa ujenzi ule. Miezi yote 11 sikuwahi kubisha hodi kwake. Nilijiona niko vitani peke yangu, kumbe tungekwenda ofisini wawili. Wiki walipoondoa turubai nilimpelekea namba ya mkaguzi.

"Shikamoo mzee. Kwako hakukupata kitu?"

"Marahaba binti yangu. Njoo uone."

Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na ufa wa milimita 4, nilipima kwa rula yangu. Alikuwa ameuziba kwa gazeti ili mijusi isiingie. Hakuwa na barua, hakuwa na daftari, na alikuwa ameambiwa kwamba ni ufa wa uzee. Nikamwuliza kama kuna picha yoyote iliyowahi kupigwa nyuma ya nyumba yake. Alifikiri, akaingia ndani, akatoka na simu ya mjukuu wake ambayo kioo kilikuwa kimepasuka. Tulikaa kibarazani tukizipitisha picha moja moja, za sikukuu, za mbuzi, za watu wasiojulikana, mpaka tukafika kwenye moja ya mjukuu akijifunza baiskeli, miaka miwili nyuma, amejiegemeza kwa mkono. Mzee alivaa miwani. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, tukautazama ukuta aliokuwa ameegemea, tofali kwa tofali.